Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Waongoza Matembezi ya Mjini, Dar es Salaam

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka wa kazi tunaoumaliza. Ninaomba radhi mapema kwamba sehemu kubwa yake inahusu jambo moja tu, yaani njia tunayowapitisha wageni katikati ya jiji, kwa sababu ndilo lililotugawa mwaka mzima na ndilo linalosubiri uamuzi wa mkutano huu. Masuala ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Kwa upande wangu inatosha kusema kwamba ada zinachelewa, na wanaochelewesha wanajijua.

Njia yetu ya zamani ilianzia Sanamu ya Askari, ikateremka hadi Kanisa la Azania Front, ikapita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na kumalizikia Bustani ya Mimea. Haichoshi miguu, lakini humwacha mgeni akidhani kwamba mji huu ulizaliwa siku Wajerumani walipotia nanga. Nimeambatana na baadhi yenu bila kutoa taarifa, na nikasikia kwa masikio yangu Boma la Kale likielezwa kuwa kazi ya Wajerumani. Boma hilo lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ili kuwapokea wageni wake katika mji aliokuwa akiuanzisha jirani na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukadorora. Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, yaani zaidi ya miaka ishirini baadaye, na makanisa yale mawili ya ufukweni yalianza kujengwa mwishoni mwa muongo huohuo.

Kwa hiyo, katika nusu ya pili ya mwaka, kamati ilijaribu njia inayoanzia Bomani, na tofauti ilionekana mapema. Mgeni aliyekwisha kugusa ukuta wa matumbawe huuliza maswali mengine kabisa anapofika Azania Front, likiwemo swali ambalo wengi wetu hatukuwa tumejiandaa kulijibu, la nani hasa walibeba mawe.

Pale Sanamu ya Askari ndipo ninapotaka tukae zaidi. Sanamu hiyo ya shaba iliwekwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini mahali hapo kwanza palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyezima kwa bunduki upinzani wa watu wa pwani. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha huko hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Ukimweleza mgeni hayo, kisha ukamwambia kwamba jina la mtaa wa Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, hutahitaji kumvutia kwa maneno mengine. Wapo wanachama wanaoona habari hizi ni nzito kwa watu waliokuja kupumzika. Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba saa saba mchana, jua likiwa utosini, hata mimi hufupisha.

Vijana wetu, kwa upande wao, walitaka tuanzie Stesheni, na hoja yao ina uzito. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914; treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Safari ya Morogoro sasa ni ya takriban saa mbili, kwa hiyo wageni wa ndani wanaotoka bara asubuhi na kurudi jioni wameongezeka katika matembezi yetu, nao hupenda kuanza na kilichowaleta. Kamati inapendekeza makundi ya aina hiyo yaanzie Stesheni, na mengine yote yaanzie Bomani. Yote yapite Makumbusho ya Taifa, yalipo mabaki ya fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na yamalizie jioni kwenye Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ambako watembea kwa miguu wana njia yao na upepo wa bahari ni wa bure.

Lawama moja ninaichukua mwenyewe. Tulikodi basi la kuwapeleka wageni Makumbusho ya Kijiji bila mkataba wa maandishi, basi halikutokea, na wazee wa kundi lile walingoja juani kwa muda usiosemeka. Kuanzia sasa hakuna usafiri utakaokodiwa kwa simu tu.

Mwisho ni suala la majengo yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyokuwepo kabla ya mwaka 1863; karibu kila tunachowaonyesha wageni kimejengwa baada ya hapo, na kwa hiyo hulindwa pale tu kinapotangazwa rasmi. Kila jengo la zamani linalobomolewa eneo la Posta, katikati ya jiji, kupisha ghorofa hupunguza kazi yetu. Kamati inaomba ridhaa ya kupiga picha na kuorodhesha kila jengo lililo kwenye njia zetu, mwanachama mmojammoja akipewa mtaa wake.

Mapendekezo hayo mawili, la njia na la orodha, yatapigiwa kura baada ya chai. Yakipita, matembezi ya kwanza ya njia mpya yatakuwa Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni pa Boma la Kale.

Mwenyekiti