Kumbukumbu ya Lukaya: Jumanne saa kumi alasiri

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Jumanne ni tarehe 10 Machi. Siku kama hiyo mwaka 1979, kwenye Vita vya Kagera, vijana wetu wa Tanzania walikutana na majeshi ya Amin na Walibya pale Lukaya, Uganda, barabara ya kwenda Kampala. Wengi walikuwa mgambo, jembe wamelitua juzi tu. Maroketi yakawatawanya, kesho yake wakarudi na kuuchukua mji.

Tunakwenda Ng'ambo kwa mzee wetu aliyekuwepo vitani Lukaya. Mguu haumruhusu kutoka, kwa hiyo turubai litafungwa hapohapo chini ya mwembe. Dua kwanza, kisha chai. Hotuba hakuna, jamani, mwaka jana zilituchosha! Mzee akisimulia, simu mfukoni. Mchango wa sukari na mchele mpeni mhazini kabla ya Jumapili.