Hizo kambi hazikuanzia Texas

Mhariri, gazeti lenu nalisoma miaka yote na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu ya kambi ya vijana wa makanisa hapa Dodoma imenikaa kooni. Eti klabu na kambi za vijana wa Kikristo zilianzishwa na Jim Rayburn kule Texas mwaka 1941. Huyo alianzisha Young Life, shirika la vijana wa Kikristo la Marekani, sawa, kazi yake siibezi. Lakini Josiah Spiers alishakusanya watoto 15 sebuleni London mwaka 1867, na mwaka uliofuata akiwa ufukweni Llandudno, Wales, akaandika mchangani "Mungu ni upendo", watoto wakapamba herufi kwa mawe. Scripture Union, lile shirika la Kikristo lenye klabu na kambi za watoto na vijana, limetokea hapo.

Hilo la mchanga nalijua maana tumelifanya. Nilikuwa darasa la sita, kambi iko Mpwapwa, mto umekauka, mwalimu katuchorea herufi kwa bua la mtama na sisi tunapanga kokoto nyeupe. Mimi nilipewa M, kila nikigusa inabomoka. Usiku ugali wa uwele na mlenda, tunalala kwenye mikeka darasani.

Sasa mwezi uliopita nimeenda ofisi ya kanisa moja, jina silitaji, kuomba madaftari ya klabu yetu ya zamani maana vijana wananiuliza ilianza lini. Kijana wa ofisini ananiambia mama yale yalichomwa siku ya usafi, kulikuwa na mgeni anakuja. Yalichomwa! Kaunta buku za kwaya tatu, majina ya watoto wote, nani kaleta debe la mtama, nani kaleta shilingi mia mbili, nani kaugua malaria akarudishwa kwao kwa baiskeli, mwandiko wa mwalimu wetu ambaye ameshafariki, vyote kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo, nimechokoa na kijiti nikapata jalada moja limeungua nusu, nikakaa pale nikalia kama mtoto.

Na kambi za siku hizi nazo, hela yote inaishia kwenye fulana na kukodi spika, mtoto wa Chamwino asiye na elfu thelathini anabaki nyumbani. Sisi tulilipa kwa mtama na tulienda wote.

Naomba kila kanisa linunue sanduku moja la bati na kufuli, funguo mbili, mmoja akae nao katibu na mwingine mama anayepikia kambi, madaftari yote yaingie humo na siku ya usafi lisiguswe. Na nyie huo mwaka mrekebishe.

Msomaji, Chang'ombe, Dodoma