Michezo ya video ya mchezaji mmoja isiachwe ife

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wanaopenda kucheza michezo ya video peke yao, kwa kuwa siku hizi kampuni nyingi zinaelekeza fedha zao kwenye michezo ya kushindana mtandaoni, ambayo humtaka mchezaji arudi kila siku. Mchezo wa mchezaji mmoja hauna haraka hiyo: unaweza kuusimamisha ili umbembeleze mtoto, kisha ukaurudia usiku na kuikuta hadithi ikikusubiri palepale ulipoiachia. Hakuna anayekutukana kwa kushindwa, na ukipotea njia mara kumi, kupotea huko ndiko kunakokufundisha.

Lipo pia suala la uhai wa kazi yenyewe, ambalo kwangu ni zito zaidi. The Legend of Zelda, mchezo wa mchezaji mmoja uliotoka Japani mwaka 1986, unachezeka hadi leo. Lakini Concord, mchezo uliotegemea wachezaji wengi na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazouendesha mtandaoni, ulitolewa Agosti 2024 na kuzimwa Septemba 6, wiki mbili tu baadaye, ingawa wasanii wake waliuhangaikia kwa miaka. Naziomba kampuni ziendelee kutengeneza michezo ambayo mnunuzi anaweza kuihifadhi na kuicheza bila kutegemea seva ya mtu mwingine.

Mpenzi wa michezo ya video