YAH: Malalamiko kuhusu tsuba niliyoinunua katika mnada wenu

Ndugu Meneja,

Mimi ndiye niliyenunua ile tsuba ya chuma, kinga ya mkono kwenye upanga wa Kijapani, ambayo katalogi yenu ya mwezi uliopita iliieleza kuwa ni samurai anaua joka, kazi ya Soten mwenyewe, fundi maarufu wa tsuba wa Japani. Nimelipa yuro 900. Joka lipo, ila mengine yote mmekosea.

Mzee amepanda farasi darajani. Chini, mtoni, kijana yuko pamoja na joka, ameinua kiatu. Kwa kiatu hicho tu mngemtambua Zhang Liang wa China ya kale, ambaye Wajapani humwita Choryo. Mzee Kosekiko alidondosha kiatu makusudi, akamwamuru kijana akakilete. Choryo alimeza hasira, akakifuata, akamvisha mzee kwa adabu. Kwa subira hiyo alipewa kitabu cha mbinu za vita, na baadaye akamsaidia Liu Bang kuasisi utawala wa Han. Fundi alikaa akachonga kiatu kidogo kama punje ya mchele ili kisa kisomeke, nanyi hamkukitaja kabisa. Hili limeniuma kuliko hata fedha.

Kuhusu sahihi: maandishi yanasema imetengenezwa na Mogarashi Nyudo Soten, mkazi wa Hikone, jimbo la Omi. Lakini jina hilo lilirithiwa, likachongwa na wanafunzi, kisha na waigaji wengi mno. Kwa Soten, sahihi peke yake haithibitishi mchongaji. Ndiyo maana niliwaandikia siku tisa kabla ya mnada nikiomba picha ya karibu ya tundu ambamo upanga hupita. Jibu lenu lilikuwa mstari mmoja: mtaalamu wetu ameridhika.

Sasa ninayo mkononi. Kingo za tundu hazina alama ya patasi, wala vile vipande vya shaba vinavyopachikwa ili upanga ukae imara, wala mkwaruzo. Nyuso za watu ni bapa, na dhahabu ni nyembamba. Kwa maoni yangu haikuwahi kufungwa kwenye upanga. Ni kazi ya baada ya 1876, samurai walipokatazwa kutembea na panga na mafundi wengi wakageukia wanunuzi wa kigeni. Ni nzuri kwa namna yake, na ningependa kubaki nayo, lakini kwa bei inayoistahili.

Naomba kwanza mrekebishe maelezo katika kumbukumbu za minada yenu, kwa sababu sisi tunaotafiti mafundi hawa hulinganisha kazi kwa kupitia katalogi kama zenu, na kosa moja hunakiliwa mara nyingi. Pili, ithaminiwe upya na mtu asiye mwajiriwa wenu, nami nirudishiwe kilichozidi. Mkikataa, nitairudisha na kudai fedha zangu zote.

Nimeambatanisha risiti, barua pepe zetu na picha 6, mbili zikiwa za tundu. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wenu