Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kusomea usalama wa mabwawa

Wanangu,

Nimepata habari kwamba mmechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya uhandisi na usalama wa mabwawa: wengine kutoka bodi za mabonde, wengine mamlaka za maji, wengine migodini, na wachache kutoka halmashauri. Hongereni sana. Mimi nimeshastaafu, sina tena saini ya kumwidhinishia mtu posho wala kumnyima, kwa hiyo naweza kusema nipendavyo.

Nimeonyeshwa ratiba. Hesabu za uthabiti wa tuta zipo, makadirio ya mafuriko makubwa yapo, programu za kompyuta zimepewa siku nzima nzima. Ziara ya bwawani ni nusu siku, tena siku ya mwisho, baada ya picha ya pamoja. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Sina ugomvi na hesabu. Ila wengi wenu hamtasanifu bwawa hata moja maishani mwenu. Mtakabidhiwa mabwawa yaliyojengwa kabla hamjazaliwa. Nyumba ya Mungu ni la miaka ya 1960, Mtera lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970. Bwawa likishasimama, kazi inayobaki ni kuliangalia, kisha kumwambia ulichokiona mtu mwenye uwezo wa kuamua, mapema. Katika hayo mawili, la pili ndilo linalowashinda wasomi.

Nianze na maji yanayovuja. Kila tuta la udongo linavuja. Asiyejua hilo atashtuka siku ya kwanza na atazoea siku ya pili, na yote mawili ni hatari. Ndiyo maana chini ya mguu wa tuta hujengwa mfereji wa kukusanya hayo maji, na mwisho wa mfereji huwekwa bamba la chuma lenye mkato wa V. Pembeni yake kuna rula iliyopigwa misumari. Watu hulipita bamba hilo bila kulitazama kwa sababu linaonekana kama kazi ya fundi bati. Sasa sikilizeni. Kwenye mkato wa nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya chini ya V, yanapita kama lita 4 na nusu kwa sekunde. Yakipanda hadi sentimita 12, yanakaribia lita 7. Sentimita mbili tu, unene wa kidole, na mvujo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mtu anayesoma rula kwa kukadiria akiwa amesimama kwenye nyasi kavu, asije akachafua viatu, hataiona tofauti hiyo.

Na rula haitoshi. Chukueni chupa tupu ya plastiki isiyo na rangi, kingeni maji ya mvujo, iacheni itulie kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi mpaka mmalize kuzunguka tuta. Mkirudi mkakuta maji safi, andikeni. Mkikuta tope laini limetuama chini, msiende kula. Maana yake ni kwamba maji yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta, na kila chembe inayotoka inaacha njia pana zaidi kwa inayofuata.

Kule Marekani, jimbo la Idaho, kulikuwa na bwawa la Teton, tuta la udongo lenye kimo cha mita 93, lililojengwa na idara ileile ya serikali iliyojenga bwawa maarufu la Hoover. Lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, kama saa moja na nusu hivi, maji ya tope yalionekana yakitoka ubavuni mwa tuta. Wakaleta tingatinga mbili kusukuma mawe na udongo kwenye tundu. Tundu lilizimeza tingatinga zote mbili. Madereva waliponea chupuchupu. Saa sita kasoro dakika tatu mchana tuta lilikuwa limeondoka. Hesabuni wenyewe: hayapiti masaa matano tangu tope lionekane. Walikufa watu 11, na hawakufa maelfu kwa kuwa ilikuwa mchana, na kuna watu walioshika simu kabla ya tuta kwisha. Ningekuwa mkufunzi wenu, ningetumia siku nzima kwenye hayo masaa: nani aliona, alimwambia nani, saa ngapi.

Nije kwenye daftari la vipimo. Katika bwawa moja ambalo sitalitaja, niliwahi kuletewa daftari safi kabisa. Geji, yaani rula ya kusomea kina cha maji bwawani, imesomwa kila siku saa moja asubuhi, hakuna siku iliyorukwa. Lakini wino ulikuwa wa kalamu moja, mwandiko haukuyumba, na katikati ya masika kina cha maji kilikuwa kilekile wiki baada ya wiki huku mto unaoingia ukiwa umefurika. Msomaji geji alikuwa amejaza daftari nyumbani, mara moja, mwisho wa mwezi. Wakubwa walitaka afukuzwe. Mimi niliuliza kwanza analipwa lini na analipwa nini. Nikakuta hajalipwa kwa muda mrefu, buti zake zimetoboka, na tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumpigia simu kumuuliza kuhusu namba aliyoandika. Nani angeendelea kushuka kwenye matope kwa ajili ya karatasi isiyosomwa? Mkirudi kazini, mjue jina la msomaji geji wenu na la mlinzi wa bwawa. Wapigieni siku ambayo namba imebadilika, na pia siku ambayo haikubadilika ilhali ilipaswa kubadilika. Safu ile ya mwisho ya daftari, ya maoni, ndiyo muisome kwanza. Huko ndiko mtu wa darasa la saba huandika "mchwa wamepanda kichuguu karibu na nguzo ya nne", na hilo lina thamani kuliko michoro mingi ya piezomita, vile vifaa vya kupimia msukumo wa maji ndani ya tuta.

Lakini msije mkadhani nasema macho yanatosha. Oroville, California, ni bwawa refu kuliko yote Marekani, lina mita 235, na lilikaguliwa miaka nenda rudi na watu wenye vyeti kuwazidi. Februari 2017 sakafu ya zege ya utoro wake wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ilipasuka na kung'oka maji yakiwa yanapita. Walipoyaachia yapite kwenye utoro wa dharura, mlima chini yake ukaanza kuliwa, na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Timu huru iliyochunguza ilikuta kwamba udhaifu ulikuwepo tangu usanifu na ujenzi wa miaka ya 1960: sakafu nyembamba juu ya mifereji iliyofukiwa, na mwamba uliooza uliochukuliwa kuwa mzima. Nyufa zilionekana, zikawa zinazibwa, na kwa kuwa zilikuwepo siku zote zikaonekana za kawaida. Hakuna aliyerudi kwenye makabati kulinganisha ahadi ya wasanifu na kilichojengwa. Kwa hiyo nawaomba mwombe ufunguo wa masijala. Tafuteni michoro ya "kama ilivyojengwa", picha za msingi kabla haujafunikwa, barua za mkandarasi na msimamizi wakigombana. Ugomvi wa zamani wa kwenye mafaili huonyesha ni wapi tuta limelala juu ya udongo mbaya. Kama hakuna faili, andikeni barua kwamba hakuna, nalo litaingia kwenye kumbukumbu.

Hayo ni mabwawa makubwa. Kinachoninyima usingizi zaidi ni malambo. Duniani bwawa huhesabiwa kubwa likifika kimo cha mita 15, au likiwa kati ya mita 5 na 15 na kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Malambo mengi ya mifugo na umwagiliaji hayafiki huko, kwa hiyo hayaingii kwenye slaidi za mkufunzi. Nendeni mkayaone. Utoro wa maji umelimwa mahindi. Au umezibwa kwa viroba vya mchanga ili maji yabaki mengi hadi kiangazi. Ng'ombe wamekata njia juu ya kilele cha tuta mpaka pameinama, na mwembe umepandwa ubavuni kwa nia njema kabisa. Msiende na faini mkononi. Kaeni na kamati ya maji, waulizeni wanataka maji kiasi gani, kisha muwaonyeshe kwa kamba na pima maji kwamba mahali palipoinama ndipo maji yatakapopita juu ya tuta siku utoro ukishindwa.

Majirani zetu wa Nakuru wanajua bei yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi huko Solai lilipasuka baada ya mvua nyingi, na watu wasiopungua 47 waliokuwa wakikaa mteremkoni chini yake walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema hadharani kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Na Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba lilikuwa tuta la reli: kalavati lilizibwa na magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakatoka kwa mkupuo na kuua makumi ya watu alfajiri. Hakuna aliyekuwa na daftari la tuta lile, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni bwawa. Mlio kwenye halmashauri, hesabuni matuta ya barabara na reli kwenye wilaya zenu, mjiulize kila moja litashika maji kiasi gani kalavati likiziba.

Sasa lile la pili, la kumwambia mwenye uwezo wa kuamua. Mji wa Derna, Libya, ulikuwa na mabwawa mawili juu yake, ya miaka ya 1970. Nyufa zilibainishwa mwaka 1998. Kazi ya matengenezo ilikuja kuanza, ikakatika vita vilipozuka 2011. Mwaka 2022 mtaalamu wa haidrolojia wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha makala akionya kwamba mafuriko makubwa yakija, mabwawa yale hayatastahimili na watu wa bonde lile watapata maafa. Septemba 2023 dhoruba ikaja, na maelfu wakafa usiku mmoja. Onyo lilikuwepo na lilikuwa limechapishwa. Halikumfikia mtu mwenye fedha na amri, au lilimfikia akaliweka chini ya karatasi nyingine.

Kwa hiyo mkiwa huko mafunzoni, ombeni mfundishwe kuandika dokezo la ukurasa mmoja. Bosi wenu hatasoma kurasa 80 zenye viambatisho. Aya ya kwanza iseme kilichoonekana, lini na nani. Aya ya pili iseme kitakachotokea kisipoguswa, na wangapi wanaishi chini. Aya ya tatu iseme mnachotaka afanye wiki hii na gharama yake. Msiandike "inashauriwa". Andikeni "shusheni maji mita mbili kabla ya tarehe fulani". Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina sehemu yake ya usalama wa mabwawa, na kanuni zipo. Itajeni kifungu kwa kifungu, inawapa mgongo. Mwenye bwawa atalalamika kwamba maji mnayomwaga ni umeme au mpunga wake, na ana haki ya kulalamika. Mtera hutumika kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kila sentimita ya juu ni megawati za kiangazi, na pia ni nafasi iliyopotea ya kupokea gharika. Mvutano huo hauishi, na msiuogope.

Kwenye Mto Rufiji mvutano huo sasa una kimo cha mita 131. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na masika ya 2024 milango ilibidi ifunguliwe huku Rufiji na Kibiti wakiwa tayari majini. Wengi walibishana kama ni bwawa lililoleta mafuriko. Warufiji wamekaa na mafuriko tangu enzi, wanalima mlau kwenye udongo yanaouacha, wanaujua mto wao. Wasichoweza kukijua kwa kutazama mawingu ni saa ambayo mtu atabonyeza kitufe cha kufungua lango. Hilo wanapaswa kuambiwa na ninyi, kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa redio ya jamii, kwa mwenyekiti wa kitongoji, siku kadhaa kabla na tena saa kadhaa kabla.

Kabla hamjapanda basi, chukueni mpango wa dharura wa bwawa lenu na mpige kila namba ya simu iliyomo. Mtakuta mwenyekiti aliyeshindwa uchaguzi uliopita, mkuu wa wilaya aliyehamishwa, na namba isiyopatikana. Sahihisheni kwa kalamu, wekeni tarehe. Ulizeni pia jenereta ya kufungulia milango mara ya mwisho iliwashwa lini, na ufunguo wa stoo ya dizeli unalala wapi usiku. Nakala moja ya mpango ibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, kwenye kimo cha macho, na nyingine apewe kila mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya bwawa, kwa Kiswahili.

Nawatakia safari njema.

Ni mimi mzee wenu,
mhandisi mstaafu wa maji, Morogoro