Malalamiko kuhusu maonyesho maalumu ya milango na vinyago

Kikundi cha wachongaji,
Bagamoyo.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni inayoendesha makumbusho ya uchongaji,
Bagamoyo, Mkoa wa Pwani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUTOTAJWA KWA WACHONGAJI KATIKA MAONYESHO MAALUMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia kwa niaba ya wachongaji wenzangu, ambao kazi zao mliziazima kwa ajili ya maonyesho maalumu ya milango na vinyago yanayoendelea katika makumbusho yenu, na ambao hawakuridhika hata kidogo na namna kazi hizo zilivyowekwa mbele ya watu.

Katika hati ya makubaliano tuliyotiliana saini kabla kazi hazijatoka karakana, mlikubali kwamba kila kazi itawekewa kibao chenye jina la mchongaji, aina ya mti na mahali ilipochongwa. Siku ya ufunguzi tulikuta vibao vya kupendeza, vyenye herufi za dhahabu, na chini ya karibu kila kazi maneno yalikuwa hayo hayo: "Mchongaji hajulikani." Mzee mmoja wa kikundi chetu, Mmakonde aliyefundishwa kazi hii na baba yake huko Newala, alisimama mbele ya nguzo ya ujamaa, kinyago ambacho ndani yake watu wamepandana mabegani kutoka chini hadi juu, aliyoichonga mwenyewe, akasomewa kibao hicho na mjukuu wake. "Hajulikani na nani?" akauliza. Mfanyakazi wenu aliyekuwa jirani, ambaye ndiye aliyekwenda kuichukua nguzo hiyo nyumbani kwa mzee, hakuwa na jibu.

Tulipolalamika kwa mdomo, msimamizi wa maonyesho alitueleza kwamba sanaa ya jadi ni mali ya jamii nzima, na kwamba kumtaja mtu mmoja kungepotosha maana yake. Hoja hiyo siikubali. Mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mapepo vyenye maumbo ya ajabu, ulioenea kuanzia miaka ya 1950, mpaka leo hauelezwi asili yake bila kutajwa mchongaji Samaki Likankoa. Na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa mchongaji kabla michoro yake ya rangi haijamtangaza ng'ambo. Majina yao yamebaki kwa sababu yupo mtu aliyeona umuhimu wa kuyaandika. Hata nguzo ya ujamaa haichongwi na jamii nzima kwa pamoja; ipo akili moja inayoamua nani abebe na nani abebwe, na mnunuzi mzoefu huutambua mkono wa fundi kabla hajaigeuza kazi kutafuta saini.

Jambo hili, Ndugu Mkurugenzi, haliishii kwenye heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za uchongaji kama inavyolinda vitabu na muziki, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, haki ambayo haiondoki hata pale anapokuwa ameiuza. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayetaka kuzalisha nakala za kazi ya mtu kupata idhini yake kwanza. Tumekuta katika duka lenu kadi zenye picha za vinyago vyetu zikiuzwa kwa wageni, ilhali hati tuliyosaini ilihusu kuonyesha tu, wala haikutaja kupiga picha za kuuza.

Chumba cha milango kina matatizo yake. Milango yote imeandikwa "Mlango wa Kiarabu, karne ya 19", kana kwamba imetoka karakana moja. Mlango ulio karibu na dirisha umegawanywa katika miraba, kila mraba una kitovu chake cha shaba, na fundi yeyote wa pwani angekuambia kwamba huo ni mtindo ulioletwa na mafundi wa Kihindi na kuigwa na wanafunzi wao wa huku. Mwingine una kizingiti cha juu kilichojaa maua na mizabibu, lakini hauna mfaa. Mfaa, ule mhimili wa katikati unaoziba mahali mbao mbili zinapokutana, ndipo fundi alipokuwa akionyesha ustadi wake wote. Ninyi mmepachika hapo kipande cha msonobari kilichopakwa rangi ya kahawia, na kibao hakisemi lolote juu ya kiraka hicho. Sijui ni aibu gani iliyowazuia kuandika kwamba mfaa umepotea.

Tena hakuna mlango hata mmoja ulioandikiwa nyumba ulikotoka. Nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zinaendelea kubomoka, na mlango huwa wa kwanza kuondoka, mara nyingi usiku. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940. Sisemi kwamba milango yenu imepatikana kwa njia isiyo halali, ila makumbusho inayotoza kiingilio cha ziada kwa ajili ya kuitazama inapaswa kuwaeleza watazamaji ilikotoka na kwa kibali gani.

Kiingilio chenyewe sitakijadili. Nitataja kiyoyozi, kwa kuwa kimeelekezwa moja kwa moja kwenye vinyago vya mpingo na huzimwa kila jioni. Mti huo ukikaushwa kwa ghafla na kurudishiwa unyevu wa bahari usiku kucha hupasuka, na tayari kazi mbili zina nyufa ambazo hazikuwapo tulipozikabidhi.

Kwa hiyo tunaomba vibao vibadilishwe ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii, kadi ziondolewe dukani hadi tutakapokubaliana kwa maandishi na wenye kazi, kiyoyozi kigeuzwe leo hii, na fundi wetu aruhusiwe kukagua nyufa hizo mbele ya mfanyakazi wenu ili ijulikane gharama ya matengenezo ni ya nani. Muda huo ukipita bila jibu, tutazichukua kazi zetu kama hati inavyoturuhusu, na suala la kadi tutalifikisha Ofisi ya Hakimiliki.

Nimeambatanisha orodha ya kazi zote, ikiwa na jina la mchongaji, aina ya mti na mahali ilipochongwa. Ni nakala ya ile mliyopewa siku ya makabidhiano.

Wako mwaminifu,

Katibu wa kikundi

Nakala: Afisa Utamaduni, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo