Moyo uliogeuka chungu

"Mama alienda kutolewa mawe ya nyongo, sasa munganga anasema moyo. Namna gani?" Swali hili tunaletewa hapa Goma na ndugu wa wagonjwa, karatasi ya hospitali mkononi.

Upo ugonjwa unaoitwa takotsubo. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 wakaupa jina la chungu cha kutegea pweza, chenye tumbo la duara na shingo nyembamba. Kwenye kioo cha ekografia (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti) chumba cha kushoto cha moyo huonekana hivyohivyo: ncha imevimba, imelala tu, huku sehemu ya juu inakaza kupita kiasi. Hofu, msiba, au upasuaji wenyewe humwaga adrenalini nyingi, homoni ya mshtuko, na misuli ya moyo ikashikwa ganzi. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokoma hedhi. Kule Niigata, Japani, wagonjwa wake waliongezeka baada ya tetemeko la 2004. Sisi tuliolala nje Mei 2021, ardhi ikitikisika baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, hatushangai.

Kinachosumbua ni kwamba unafanana sana na mshipa wa moyo ulioziba. Presha inaporomoka, EKG (mchoro wa umeme wa moyo) inabadilika, troponini, protini ya damuni inayoonyesha moyo umeumia, inapanda, na aliyelazwa usingizi hawezi kusema kifua kinamuuma. Kwa kuwa kifua kimefunikwa vitambaa, daktari wa usingizi anaweza kupitisha kifaa cha ekografia mdomoni mpaka kwenye umio, ambao uko mgongoni mwa moyo. Pale mbavu na mapafu havimzuii kuona.

Picha hiyo inaweza kugeuza matibabu. Presha ikishuka, mkono huenda haraka kwenye adrenalini. Lakini moyo huu tayari umelewa adrenalini, na kama njia ya kutolea damu moyoni imebanwa, dozi nyingine huibana zaidi. Mara nyingi hapo husaidia maji ya mshipani na dawa ya kukaza mishipa. Kuhakikisha kwamba mishipa ya moyo iko wazi bado kunahitaji angiografia, yaani picha ya eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa ya rangi.

Kifaa cha kupitisha mdomoni sisi hatuna, tusidanganyane. Tunapima juu ya kifua, kwa jeli, kabla ya upasuaji na baada yake. Kwa wengi moyo hurudia umbo lake ndani ya siku au wiki chache, nasi tunataka kuuona ukirudi. Kwa hiyo njoo na picha ya kwanza, hata kama imekunjamana mkobani. Bila hiyo hatuna cha kulinganisha.